Mwaka Mmoja na Pua ya Hunter: Shajara ya Mradi

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Imefika. Trela lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa banda saa tano asubuhi, mvua ikinyunya, na watu wanne tulihangaika saa nzima mpaka ikakaa juu ya magogo. Si ndege nzima. Ni pua na chumba cha rubani cha Hawker Hunter, ndege ya kivita ya Uingereza ya miaka ya 1950, vilivyokatwa nyuma kidogo ya kiti. Msumeno ulipita kwenye bati, mabomba na nyaya bila kuchagua. Hunter nzima ina urefu wa karibu mita 14, na mabawa yake yanatanda zaidi ya mita 10. Banda hili ninalolikodi kwa mkulima nje ya Bristol lisingeimeza. Pua inanitosha.

Kwa anayeanza kusoma leo: mimi ni fundi wa mabasi, mzaliwa wa Mombasa. Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa fundi wa Jeshi la Wanahewa la Kenya kule Nanyuki miaka ya 1970, na Hunter ndiyo ndege aliyoihudumia. Nililisikia jina hilo utotoni kabla sijajua ni kitu gani. Picha zake za kazini zilichomwa nyumbani Agosti 1982, wiki ya jaribio la mapinduzi. Yeye alikuwa ameshaacha jeshi, lakini nyanya alihofu kuwa picha ya mwanawe kando ya ndege ya vita ingemletea balaa. Simlaumu. Ila tangu siku ile Hunter imebaki kwenye maneno ya ami peke yake, na ami sasa ana miaka 71. Ndiyo maana nimeinunua hii.

Hali yake: kifuniko cha kioo kimefifia na kina nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Mota ya umeme inayokivuta nyuma imeshikana kabisa. Kwenye dashibodi kuna matundu kumi na moja matupu na geji tisa zilizobaki. Chini ya kiti tumetoa majani makavu ndoo mbili na kiota cha ndege wa kweli.

Namba yake inaanza na herufi WT. Sitaiandika kamili kwanza. Ndege hizi zilipogeuzwa kiwandani, pua ya moja iliweza kufungwa kwenye mkia wa nyingine, na bamba la utambulisho halitoshi kuwa ushahidi. Karatasi zikikamilika nitaiandika.

Jumapili, 22 Oktoba 2023

Leo hakuna msasa wala rangi. Usalama tu.

Kwanza kiti. Hunter ina kiti cha Martin-Baker, kile kinachomfyatua rubani nje ya ndege kwa nguvu ya baruti. Baruti hizo zinapaswa kutolewa ndege inapostaafishwa, lakini "zinapaswa" si neno la kulikalia. Nilimwita mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya viti hivi maisha yake yote. Alifungua kila bomba mbele yangu, akanionyesha utupu ndani yake, akaandika na kutia sahihi. Asiyempata mtu wa namna hiyo asipande humo, hata kwa picha moja.

Pili, zile geji. Namba na mishale yake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, kama ilivyokuwa kawaida miaka hiyo. Mng'ao ulishakufa zamani, kwa kuwa unga unaong'aa huchoka. Radiamu haichoki hivyo: huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Kipima mionzi kililia mbele ya geji nne kati ya tisa. Hatufungui kioo cha geji yoyote. Hizo nne zimeingia kwenye sanduku lililofungwa na zimewekwa mbali na watu, na banda linapitishwa hewa kila asubuhi kabla ya mtu kuingia. Mahali pake nitaweka nakala za picha zilizochapwa vizuri. Naumia kuziondoa, lakini watoto watakalia kiti hiki siku moja.

Jumamosi, 11 Novemba 2023

Nimelala chali chini ya pua siku nzima, na nimepata kitu.

Chini ya pua ya Hunter ya kawaida kuna matundu manne, mawili kila upande, ambamo midomo ya mizinga hutokeza. Hii haina. Palipokuwa na matundu pana mabamba manne ya bati, yamefungwa kwa riveti na kulainishwa mpaka jicho linapita bila kuyaona. Kidole ndicho kilichoyahisi. Kwa hiyo ndege hii iliwahi kuwa na meno, kisha ikang'olewa.

Mizinga yenyewe ndiyo sehemu ya Hunter inayonivutia kuliko zote. Wahandisi wa kampuni ya Hawker, chini ya Sydney Camm, waliifunga mizinga minne ya ADEN ya milimita 30 pamoja na risasi zake kwenye kifurushi kimoja nyuma ya rubani. Ndege ilipotua, mafundi walikishusha kifurushi kizima kwa winchi na kukipandisha kingine kilichokwisha jazwa. Mitutu mirefu ilibaki ndani ya ndege. Ndege nyingine za wakati ule zilijazwa risasi mkanda kwa mkanda, huku hii ikingoja dakika chache tu.

Haikuanza vizuri, lakini. Ndege ya kwanza ya majaribio, WB188, iliruka tarehe 20 Julai 1951 na Neville Duke usukanini, na Septemba 1953 yeye na ndege hiyo hiyo walivunja rekodi ya kasi ya dunia kwa zaidi ya kilomita 1,170 kwa saa. Watu walishangilia. Zilipofika mikononi mwa vikosi, ikaonekana kwamba mizinga ikipigwa angani juu sana moshi wake unaingia kwenye injini ya Avon, injini inakabwa, na mara nyingine inazima kabisa. Mafuta nayo yalikuwa machache. Tarehe 8 Februari 1956 Hunter nane za toleo la kwanza zilitoka uwanja wa West Raynham, Uingereza, kwa mazoezi, mawingu yakashuka, zikaelekezwa kutua uwanja wa Marham. Sita zilipotea siku hiyo, nyingi kwa kuishiwa mafuta, na rubani mmoja akafa. Toleo la nne, ambalo ndilo la pua hii, lilitengenezwa na matangi makubwa zaidi kwa sababu ya upungufu huo.

Jioni nikampigia ami.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umeshaiosha?"

Nikamweleza habari ya matundu yaliyozibwa. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama yale matuta mawili ya bati bado yapo, nyuma ya gurudumu la mbele. Sehemu hiyo sinayo, nikamwambia. "Basi hujaona kazi yetu," akasema. Risasi zilipopigwa, maganda yaliangushwa nje, lakini viungo vya chuma vya mkanda vilikuwa vikiigonga ndege yenyewe kwa nyuma na kuichana. Kwa hiyo waliviwekea matuta mawili ya kuvikusanya. Waingereza waliyaita Sabrina, kwa jina la mwigizaji maarufu wa kike wa siku hizo. Kazi ya kijana mgeni kikosini, alisema ami, ilikuwa kuyafungua na kuvitoa viungo hivyo vikiwa bado vya moto, na mikono yote ikatoka nyeusi.

Jumamosi, 6 Januari 2024

Baridi imekataza kazi. Gundi haikauki, rangi haishiki, vidole havihisi skrubu. Nimekaa nyumbani nikisafisha plagi za nyaya moja moja kwa spiriti na mswaki. Plagi arobaini na mbili. Ishirini na sita zinafaa.

Jumamosi, 20 Januari 2024

Maelezo ya ami kwa simu, nayaandika kabla hayajanitoka.

Kuwasha injini. Hunter za Kenya zilikuwa za aina ya FGA.80, nne, pamoja na mbili za viti viwili za mafunzo, T.81. Hazikutoka kiwandani mpya. Zilikuwa za Uingereza kwanza, zikarudi kwa Hawker kusafishwa na kuimarishwa, kisha zikaanza kufika Kenya 1974. Injini yake, Avon kubwa ya mfululizo wa 200, iliwashwa kwa kimiminika cha isopropili naitreti. Mafundi wa Kiingereza walikiita Avpin, na ami anakiita hivyo mpaka leo. Ubaya wake ni kwamba kinaungua bila kuhitaji hewa, kwa hiyo kikishika moto pasipotakiwa hakizimwi kwa kukifunika. Mtu mmoja alisimama na mtungi wa kuzimia moto kila ndege ilipowashwa. "Ilipiga ukelele kama mwanamke aliyefiwa," alisema, "halafu mshindo, halafu kimya kidogo, halafu ndiyo Avon inaanza kuvuma chini kwa chini. Ile kimya ndiyo tulikuwa tunaiogopa."

Si Kenya iliyoleta Hunter ya kwanza kwenye anga ya Nairobi, nimegundua. Kikosi cha 208 cha Uingereza kilikuwa Eastleigh na Hunter za FGA.9 mwaka 1960 na 1961, na katikati ya 1961 kilipelekwa Ghuba wakati Iraki ilipotishia Kuwait. Wazee wa Pumwani na Eastleigh wa umri ule walizisikia kabla ya uhuru.

Jumamosi, 10 Februari 2024

Siku kubwa. Nimeanza kusugua upande wa kushoto kwa msasa wa maji, taratibu, kwa barakoa, maana rangi ya msingi ya ndege za zamani ina kromati na vumbi lake ni sumu. Nilitaka kufika kwenye bati nipake upya. Nimesimama njiani.

Chini ya kijivu kizito cha juu kabisa, na cheupe chake cha tumboni, kuna kijani na kijivu vilivyochanganywa kama madoadoa ya chui. Chini ya hapo msingi wa kijani kinachoelekea manjano, kisha alumini. Kijivu na cheupe ni vya Jeshi la Majini. Kijani na kijivu ni vya Wanahewa wa Uingereza wa miaka ya 1950. Ndege moja imevaa sare mbili, ya pili juu ya ya kwanza.

Rafiki yangu Mwingereza anayenisaidia Jumamosi, yeye mwenyewe fundi mstaafu wa wanamaji, anataka tuipake nyeusi ing'ae kama Hunter za Kikosi cha 111, zile zilizopiga kitanzi angani ndege 22 kwa pamoja kwenye maonyesho ya Farnborough mwaka 1958. Ndiyo picha wanayoikumbuka watu wa hapa. Namwelewa, ilikuwa fahari yao. Lakini sina hata karatasi moja inayoiweka pua hii kwenye kikosi hicho, na kuipaka nyeusi ni kuivika maisha ya ndege nyingine. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tumeachana bila kukubaliana.

Jumamosi, 24 Februari 2024

Nimefanya kosa, na naliandika ili mwingine asilirudie.

Upande wa kulia nilitumia dawa ya kutoa rangi badala ya msasa, kwa haraka, kwa kuwa pale palikuwa na tabaka nene. Niliiacha dakika kumi nikaenda kujibu simu. Niliporudi, ilikuwa imekula kijivu, kijani na msingi kwa mpigo, na ndani ya ile ngozi iliyokunjamana nikaona mabaki ya maandishi mekundu madogo, mistari miwili. Ni maelekezo ya mafundi, ya aina inayomwambia mtu hapa fungua, hapa usikanyage. Yalisalia miaka zaidi ya sitini, nami nikayamaliza kwa dakika kumi. Sikuyapiga picha. Sijui yalisema nini.

Dawa hiyo imetoka bandani. Kuanzia leo hakuna kinachotolewa kabla hakijapigwa picha kwa mwanga wa kurunzi la pembeni, ule unaolala juu ya bati na kuonyesha kila mkwaruzo.

Jumamosi, 9 Machi 2024

Uamuzi: haipakwi upya. Kijivu na cheupe kinabaki kama kilivyo, kikiwa kimesafishwa na kulindwa kwa nta. Upande wa kushoto, pale nilipokwisha sugua, patabaki dirisha la ukubwa wa sinia ambalo kila tabaka linaonekana kwa zamu hadi kwenye alumini. Rafiki yangu aliliangalia muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kijani. Akasema tu kuwa nta anayo nyumbani, ataleta.

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Karatasi mbili zimefika kutoka kwa aliyeniuzia, na sasa naweza kusimulia safari yake kwa jumla.

Ilijengwa katikati ya miaka ya 1950 ikiwa F.4, yaani lile toleo la nne. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikizitoa Hunter kwa mamia. Zilizojengwa zote pamoja, na za nchi nyingine, zilikaribia 2,000. Halafu ukaja mwaka 1957. Waziri wa ulinzi, Duncan Sandys, alitoa waraka uliosema kwamba kazi ya ndege za kivita zenye rubani itachukuliwa na makombora. Vikosi vingi vilivunjwa, hasa vile vilivyokaa Ujerumani vikiwa na F.4. Ndege zenye miaka miwili au mitatu tu, bado na harufu ya kiwanda, zikasukumwa kwenye ghala.

Hapo ndipo hadithi inaponigusa. Makombora hayakuzimaliza. Kwa sababu zilikuwa nyingi, imara na za bei nafuu, Hawker ilizinunua tena, ikazijenga upya na kuziuza: Jordan, Iraki, Kuwait, Qatar, Abu Dhabi, Lebanon, Singapore, Chile, na mwisho Kenya. Lebanon ilizirusha hadi 2014. Waraka wa Sandys ulizitoa kazini London, na kijana wa Mombasa akazipokea Nanyuki.

Yetu hii haikuuzwa nje. Ilikuwa miongoni mwa F.4 zipatazo 40 zilizogeuzwa kuwa GA.11 kwa ajili ya Jeshi la Majini, kuanzia mwaka 1962. Mizinga ikatolewa, ndoana ikafungwa mkiani, na kazi yake hatimaye ikawa kujifanya adui. Kutoka Yeovilton, kituo cha ndege cha Jeshi la Majini, ziliruka chini juu ya bahari zikizielekea meli za kwao wenyewe, ili wapiga mizinga na wasoma rada wajifunze. Marubani wengi wa kazi hiyo walikuwa raia walioajiriwa kwa mkataba. Baadhi yao walikuwa na nywele nyeupe, asema rafiki yangu, na hakuna mwanajeshi kijana aliyewaweza kwa kuruka chini.

Na hii inaeleza tundu la duara lililonisumbua tangu Oktoba, pale mbele kabisa puani. Nilidhani ni la kamera. Ni la taa ya Harley, taa kubwa iliyowashwa ili mabaharia waione ndege ikiwa bado mbali. Ndege ya kivita yenye taa puani ili ionekane. Miaka mingi ilifanya kazi hiyo, mara nyingi zaidi ya ile iliyoishi na mizinga.

Jumamosi, 27 Aprili 2024

Ndani ya kibao kidogo kulia kwa kiti, upande usioonekana, kuna alama za penseli. Vijistari vinne na cha tano kimevikata, mara tatu, kisha viwili. Kumi na saba. Mtu alikuwa akihesabu kitu. Penseli hiyo imekaa gizani, haijui jua wala mvua. Nimempelekea ami picha. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu.

"Kumi na saba ni nini, ami?"

"Mwenye kuhesabu ndiye ajuaye. Sisi tulikuwa tunahesabu mara tuliyofungua, ili skrubu zisichakae. Mwingine alihesabu siku za kwenda likizo."

Kibao nimekirudisha kama kilivyokuwa, bila kukifuta.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Mota ya kifuniko imezunguka! Wiki tatu za mafuta ya kupenya, joto kidogo, subira nyingi. Volti 24, na ikavuta kioo nyuma kwa mlio wa cherehani. Tulikaa tukakifungua na kukifunga kama watoto.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Mkwe wetu wa Maskati amesoma shajara hii na ameniletea mlango mwingine. Huko Omani Hunter zina jina. Mwaka 1975 Mfalme Hussein wa Jordan alimpa Sultani Qaboos Hunter 31, zikakaa kambi ya Thumrait, zikapigana vita vya Dhofar, kusini mwa Omani, vilivyokuwa vikielekea mwisho. Oktoba ya mwaka huo zilivuka mpaka na kupiga ngome za mizinga Hauf, upande wa Yemen Kusini. Ziliendelea kuruka Omani hadi miaka ya 1990. Watu wa kwetu waliotoka Unguja na Mombasa kwenda Omani miaka ile wengi waliingia jeshini, na anasema kuna wazee wanaozijua Hunter kwa mikono. Nimemwomba anitafutie hata mmoja wa kuzungumza naye.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Maisha baada ya kustaafu. Nimekuwa nikiiahirisha sehemu hii kwa sababu haipendezi yote.

Miaka ya 1990 kazi ya Yeovilton ilipokwisha, GA.11 zilitawanyika. Chache zilinunuliwa na watu binafsi. Nyingine zilipelekwa Culdrose, huko Cornwall, kwenye uwanja wa saruji uliochorwa kama sitaha ya meli ya ndege, ambapo mabaharia vijana hujifunza kusukuma ndege, kuivuta kwa trekta na kuifunga kwa minyororo. Yetu ilipitia hapo. Mikwaruzo ya minyororo iko kwenye mguu wa gurudumu la mbele, na kwenye ngazi ya kupandia rangi imelika mahali pamoja tu, pale kila mgeni anapoweka kiatu. Si mbali na hapo ni Predannack, ambako ndege zilizokwisha huchomwa moto tena na tena ili wazima moto wajizoeze. Hunter zimeishia huko pia. Ndege ikifika hapo huwa kasha jeusi, na mwishowe vyuma chakavu.

Na zile za Kenya? F-5, ndege za kivita za Marekani, zilipofika 1978, siku za Hunter zilihesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikauzwa Zimbabwe. Usiku wa kuamkia 25 Julai 1982 wahujumu waliingia kambi ya Thornhill, Gweru, wakalipua ndege zaidi ya kumi, Hunter zikiwemo. Ami aliisikia redioni. Wiki moja baadaye ilikuwa tarehe mosi Agosti, Nairobi, na moto wa nyanya. Ndani ya siku saba hizo, anasema, alizipoteza Hunter na picha zake pamoja.

Alhamisi, 22 Agosti 2024

Miaka tisa leo. Tarehe 22 Agosti 2015 Hunter ya viti viwili iliyokuwa ikimilikiwa na raia ilianguka kwenye barabara ya A27 wakati wa maonyesho ya ndege ya Shoreham. Ilipanda kitanzi, ikafika kileleni ikiwa chini ya kimo kilichotakiwa, haikuwa na nafasi ya kumaliza. Watu 11 walikufa. Walikuwa barabarani na kando yake, hawakukata tiketi ya kuangalia ndege. Baada ya hapo Hunter za raia zilizuiwa kwa muda kuruka Uingereza, na kanuni za maonyesho zikakazwa sana.

Wageni wa bandani huniuliza, je, unatamani iruke? Hapana. Iliyokatwa haiwezi kuruka, lakini hata ingekuwa nzima ningejibu hivyo. Chuma cha miaka sabini kinaweza kufundisha kikiwa kimekaa. Leo sikufanya kazi yoyote.

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Ami amekuja. Binti yake amehitimu chuo hapa, na baada ya sherehe ya Alhamisi niliambiwa na shangazi, mke wa ami, kwamba mzee alikuwa anauliza habari ya banda tangu uwanja wa ndege.

Nilikuwa nimeandaa kila kitu: ngazi imefungwa, kioo kimevutwa nyuma, mto juu ya kiti, kamera tayari. Nilidhani atapanda. Hakuitazama ngazi. Alivua koti, akampa mkewe, akainama kwa taabu huku amelishika goti, akaingia chini ya pua. Akaweka kiganja kwenye bamba la kwanza lililozibwa, halafu la pili, akazunguka upande wa pili kwa yale mawili mengine. Shangazi alimwambia suruali itachafuka. Hakujibu.

"Wamefanya vizuri," akasema kutoka huko chini. "Riveti zimekaa sawa."

Kisha akaanza ukaguzi. Mfuniko mmoja wa kushoto nilikuwa nimeufunga kwa skrubu ndefu kupita kiasi. Ncha yake inagusa waya ndani. Hakuuliza, aliiona kwa jinsi kichwa chake kilivyosimama. Akaomba bisibisi. Nikampa, akairudisha: pana mno. Nikampa nyingine. Akaifungua, akaitia mfukoni mwake mwenyewe ili isirudi kufungwa, akatafuta fupi kwenye kopo, akaifunga kwa mkono wa kushoto. Rafiki yangu Mwingereza alisimama kando amekunja mikono, na wazee hao wawili wakaanza kuzungumza Kiingereza cha mafundi, cha namba za sehemu na majina ya mafuta, kwa kasi ambayo sikuifuata.

Mwishoni nilimwonyesha kibao chenye penseli, nikampa penseli nikamwomba aandike jina lake kando ya zile kumi na saba. Alikisogeza karibu na dirisha akakiangalia kwa muda.

"Hii sikuihudumia mimi, mwanangu," akasema, akanirudishia penseli.

Akapanda kitini baadaye, nilipomwomba mara ya pili, kwa sababu ya picha. Ninayo. Amekaa wima, mikono juu ya magoti, hakugusa usukani.

Kazi iliyobaki: skrubu za mifuniko yote zikaguliwe urefu, si ule mmoja tu. Nakala za geji nne. Turubai jipya kabla ya Novemba, hili linavuja upande wa mlango.